Mnyororo wa Chakula Uwanjani: Michezo ya Watoto katika Ufundishaji wa Mazingira Kitui na Makueni

Utangulizi

Katika miezi ya kati ya mwaka 2004, maradhi ya ini yaliyosababishwa na mahindi yenye kuvu yalizuka katika sehemu za Mkoa wa Mashariki nchini Kenya. Kufikia tarehe 20 Julai mwaka huo, wagonjwa 317 walikuwa wameorodheshwa, na 125 miongoni mwao walikuwa wamekwisha kufariki. Wengi wao walitoka katika wilaya za Makueni na Kitui, ambazo tangu mwaka 2013 ni kaunti. Sumu iliyowaua, aflatoksini, haikumwagwa na kiwanda wala haikuletwa na adui. Ilitokana na kuvu iliyoota juu ya punje za mahindi zilizohifadhiwa kabla ya kukauka vyema. Kutoka kwenye punje ikaingia chunguni, na kutoka chunguni ikaingia mwilini.

Msiba huo una mafunzo mengi ya afya na ya kilimo. Kwa mwalimu wa watoto una funzo moja zaidi, nalo ni kwamba chakula kina safari, na asiyeijua safari hiyo hawezi kujua ni wapi penye hatari. Safari hiyo ndiyo wataalamu wa sayansi waiitayo mnyororo wa chakula.

Makala hii inanuia kueleza jinsi dhana ya mnyororo wa chakula inavyoweza kufundishwa kwa watoto wa shule za msingi wa Kitui na Makueni kwa njia ya michezo ya kukimbia, kukamata na kuhesabu. Hoja zake ni tatu. Kwanza, mbegu ya somo hili imo tayari katika michezo ya jadi ambayo watoto wa Afrika Mashariki huicheza bila kufunzwa na mwalimu. Pili, mazingira ya Ukambani yana mifano ya kutosha, hivi kwamba hapana haja ya kuazima mifano ya nchi za mbali. Tatu, sarufi ya Kiswahili ina nyenzo inayorahisisha somo hili, nayo aghalabu haitumiki.

Dhana na istilahi

Mnyororo wa chakula ni mfuatano wa viumbe ambapo kila kimoja huliwa na kinachokifuata. Mwanzoni mwa mnyororo husimama mmea, ambao hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua, maji na hewa. Huu huitwa mzalishaji. Baada yake huja mlaji wa kwanza, yaani mnyama alaye mimea, kisha mlaji wa pili amlaye yule wa kwanza, na kadhalika. Pembeni mwa mnyororo wako waozeshaji, kama vile kuvu, bakteria na wadudu wa aina ya mchwa, ambao huvunjavunja mizoga, kinyesi na majani makavu na kuvirudisha udongoni. Minyororo mingi inapoungana na kupishana hufanya utando wa chakula.

Fikra hii ni ya kale. Al-Jahiz, mwandishi wa Basra wa karne ya 9, alieleza katika kitabu chake kuhusu wanyama jinsi kila mwindaji naye anavyokuwa windo la mwingine. Katika sayansi ya kisasa, dhana hii ilipewa msingi imara na Mwingereza Charles Elton katika kitabu chake cha ikolojia ya wanyama kilichotoka mwaka 1927. Mwaka 1942 Mmarekani Raymond Lindeman, aliyechunguza kiziwa kimoja cha jimbo la Minnesota, alionyesha kwamba nishati hupungua sana kila inapovuka kutoka kiumbe kimoja hadi kingine. Kwa makadirio yanayotumiwa shuleni, ni takriban sehemu moja tu kati ya kumi ya nishati iliyomo katika chakula ambayo hugeuka kuwa mwili wa mlaji. Sehemu iliyobaki hutumika katika kupumua, kutembea na kutafuta chakula, na hupotea kama joto, au hutoka kama kinyesi. Kiwango hicho hubadilika kutoka kiumbe hadi kiumbe, lakini kinatosha kumweleza mtoto kwa nini panzi ni wengi na mwewe ni wachache.

Dhana hizi tatu, yaani mfuatano, utando na upungufu wa nishati, ndizo zinazomtatiza mtoto anapofundishwa kwa ubao na chaki pekee. Mchoro wa ubaoni umetulia tuli, ilhali mnyororo wa chakula ni mwendo: kuna anayekimbia, kuna anayekimbizwa na kuna kinachopotea njiani. Mwendo hufundishika vyema zaidi kwa mwendo.

Mazingira kama kitabu cha mifano

Kitui na Makueni ni nchi ya ukame wa mara kwa mara. Mvua hunyesha kwa vipindi viwili, kati ya Machi na Mei na kati ya Oktoba na Desemba, na wakulima wengi huitegemea zaidi ile ya mwisho wa mwaka. Mimea ya porini ni migunga, mibuyu, mikwaju na vichaka vya miiba. Mashambani hupandwa mahindi, mtama, mawele, kunde, mbaazi na ndengu, na Makueni inajulikana pia kwa maembe. Upande wa kusini kaunti hizi mbili hukaribiana na mbuga za Tsavo.

Mtoto wa Mutomo au Kibwezi basi haanzi somo hili mikono mitupu. Amewahi kuona kumbikumbi wakitoka kichuguuni baada ya mvua ya kwanza, na kuku, ndege, vinyonga na watu wakiwagombania. Huo peke yake ni utando wa chakula. Pengine amewahi kupanda dungu ili kuamia ndege shambani, na anamjua kwelea kwa jina na kwa hasara. Kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja basi linaweza kumaliza tani 10 kwa siku moja. Hesabu hiyo mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuifanya mwenyewe, na akiifanya ataelewa kwa nini shamba la mtama huisha kwa siku chache.

Anajua pia wanyama ambao jamii imewapa sifa mbaya. Bundi ni mfano ulio wazi. Katika jamii nyingi za Kenya mlio wake huchukuliwa kuwa dalili ya mkosi, na mtoto hufunzwa kumfukuza kwa mawe. Lakini chakula kikuu cha bundi wengi ni panya, na panya ndio walao mbegu shambani na nafaka ghalani. Methali isemayo kwamba paka akiondoka panya hutawala inaeleza jambo hilo kwa ufupi kuliko vitabu vingi: ukimwondoa mwindaji, windo huongezeka, na chakula cha windo hupungua. Tofauti iliyopo ni kwamba paka ana mwenyewe wa kumtetea, ilhali bundi hana.

Mbegu iliyomo katika michezo ya jadi

Watoto wa Afrika Mashariki wana michezo miwili mashuhuri ambayo tayari inahusu kula na kuliwa. Wa kwanza ni Nyama Nyama Nyama. Kiongozi hutaja majina ya wanyama mmoja baada ya mwingine, na wenzake huruka na kuitikia pale anapotajwa mnyama ambaye nyama yake huliwa. Akitajwa asiyeliwa, wote hunyamaza na kutulia. Anayeruka kwa pupa hutoka. Mchezo huu ni zoezi la kuainisha. Mtoto hulazimika kuamua, kwa nukta moja tu, iwapo kiumbe fulani kimo katika mnyororo unaomfikia yeye.

Wa pili ni ule ambao mama huwaita wanawe waliosimama ng'ambo ya uwanja, na katikati yupo simba. Watoto hawana budi kupita. Anayekamatwa hujiunga na simba, na mchezo huendelea hadi watoto waishe. Hapa pana mwindaji, windo, hatari na mbinu za kuikwepa.

Kinachokosekana katika michezo hii miwili ndicho hasa mwalimu anachopaswa kuongeza. Nyama Nyama Nyama humtazama binadamu pekee kama mlaji. Mwalimu anaweza kuubadilisha kwa kumteua kiongozi kuwa bundi, au mbuzi, au mchwa, na wachezaji waruke pale tu kinapotajwa chakula cha kiumbe huyo. Akiwa mbuzi, watoto wataruka kwa majani ya mgunga na kunyamaza kwa panya. Akiwa mchwa, watagundua kwamba hata mlingoti wa goli ni chakula. Mchezo wa simba nao hauna mmea. Simba hula watoto, lakini watoto hawali kitu, na kwa hiyo hawana sababu ya kuvuka ila kuitwa na mama yao. Katika maumbile windo huvuka mahali pa hatari kwa sababu ya njaa. Mara tu njaa inapoingizwa mchezoni, mchezo wa kukimbizana hugeuka kuwa mnyororo wa chakula.

Mchezo wa kwanza: kokoto za jua

Mchezo huu unafaa darasa la wanafunzi 40 hivi. Vifaa vyake ni kokoto 300, makarai mawili na kibuyu au mkebe. Mbegu za chakula hazifai kuchezewa mahali ambapo mwaka wa njaa si hadithi. Kokoto au vifuniko vya chupa vinatosha.

Wanafunzi 28 huwa panzi, 9 huwa kware na 3 huwa mwewe. Kokoto, ambazo ni nishati iliyomo katika nyasi, hutawanywa uwanjani. Panzi hutangulia, nao hupewa muda mfupi wa kuokota kokoto kadiri wawezavyo. Kisha kware huachiliwa ili kuwakamata. Kila panzi aliyekamatwa humwaga kokoto zake katika fungu moja, na baada ya zamu kumalizika darasa zima huhesabu. Kwa kila kokoto 10, kokoto 9 huingia katika karai liitwalo "joto", na 1 tu huingia katika kibuyu cha kware. Baada ya hapo mwewe huachiliwa, na kanuni ni ile ile: kati ya kokoto 10 za kware, 1 ndiyo huwafikia mwewe.

Panzi wakiokota kokoto zote 300 na wote wakikamatwa, kware watapata 30, na mwewe watapata 3, yaani moja kwa kila mmoja. Hapo ndipo swali linapoulizwa: je, uwanja huu ungeweza kuwalisha mwewe 10? Mtoto aliyekimbia hadi jasho likamtoka, akaambulia kokoto moja, halihitaji jibu la mwalimu.

Zamu ya pili huongeza waozeshaji. Wanafunzi wawili huwa mchwa, nao huwa na karai la pili liitwalo "udongo". Kila anayekamatwa hupitia kwao, huguswa begani, kisha hurudi uwanjani akiwa nyasi. Kokoto zilizomo katika karai la "joto" hazirudi kamwe. Kokoto mpya huletwa na mwanafunzi aliyeteuliwa kuwa jua. Kwa njia hiyo mtoto hutofautisha mambo mawili yanayochanganywa hata na wanafunzi wa sekondari: mbolea na madini huzunguka na kurudi, lakini nishati hupita mara moja tu na ni lazima ije upya kutoka juani.

Zamu ya tatu ni ya ukame. Jua huleta kokoto 100 badala ya 300. Mwalimu hasemi neno. Huacha mchezo ueleze nani anayeumia kwanza na nani anayeumia zaidi. Baada ya hapo yanaweza kutajwa mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kwa wingi katika mito ya msimu ya Kitui na Makueni. Bwawa la namna hiyo huzuia mchanga, na mchanga huhifadhi maji ndani yake hata mto unapokauka juu. Maji hayo hurefusha uhai wa mimea ya kandokando, na mimea ikirefusha uhai wake, mnyororo wote hurefuka.

Mchezo wa pili: kamba ya mkonge

Ukambani ni nchi ya vyondo, na watoto wengi wamewaona mama na nyanya zao wakisokota kamba za mkonge. Kamba hiyo ndiyo kifaa cha mchezo wa pili. Wanafunzi husimama katika duara, kila mmoja akiwa na jina: mgunga, mbuyu, mtama, nyuki, mchwa, panya, mbuzi, kwelea, kanga, bafe, bundi, mwewe, fisi, tumbusi na binadamu. Anayeshika mwanzo wa kamba hutaja kiumbe kimoja kinachomla yeye, kisha humrushia kamba huku akiwa ameshika sehemu yake. Kamba huendelea kuvuka duara hadi kila mmoja awe ameshika mahali pamoja au zaidi, na utando uonekane.

Kisha mwalimu hutoa habari. Mgunga umekatwa wote kwa ajili ya makaa: mwanafunzi aliye mgunga huivuta kamba yake. Kila aliyehisi mvuto huvuta naye. Baada ya sekunde chache duara zima hutikisika, hata aliyedhani kwamba hana uhusiano wowote na mgunga. Nyuki hutikisika kwa kukosa maua, mbuzi kwa kukosa majani na maganda, na binadamu kwa kukosa asali, maziwa na nyama. Afadhali mwanafunzi aliye binadamu asiwekwe katikati ya duara wala juu ya kiti. Na asimame ukingoni pamoja na wengine, kati ya panya na fisi, kwa kuwa hapo ndipo alipo.

Mchezo wa tatu: safari ya sumu

Mwaka 1962 Mmarekani Rachel Carson aliandika kitabu kilichoufanya ulimwengu utambue jinsi dawa za kuulia wadudu, hususan DDT, zinavyosafiri katika mnyororo wa chakula. DDT haivunjiki haraka, nayo hujificha katika mafuta ya mwili. Ili kulionyesha jambo hili, kokoto 30 kati ya zile 300 za mchezo wa kwanza hupakwa masizi. Mchezo huendelea kama awali, ila kwa sharti moja: kokoto nyeusi haziingii katika karai la "joto". Zote hupita.

Hesabu yake inashangaza. Mwanzoni kokoto nyeusi ni 1 kati ya 10. Zikifika kwa kware, kokoto nyeupe 270 zimebaki 27, lakini nyeusi ni zile zile 30, yaani zaidi ya nusu ya chakula chote. Zikifika kwa mwewe, nyeupe ni 3 hivi na nyeusi ni 30. Katika maumbile si chembe zote za sumu zinazopita, lakini mwelekeo ni huo: aliye mwisho wa mnyororo ndiye abebaye mzigo mkubwa zaidi. Mfano wa karibu zaidi unahusu dawa ya fenthioni inayonyunyizwa kuwaua kwelea. Dawa hii haijikusanyi mwilini kwa namna ya DDT, bali hudhuru kwa njia fupi zaidi: ndege mla nyama anayeokota kwelea waliokufa au wanaokufa kwa dawa hudhurika naye, na mkulima hupoteza mwindaji aliyekuwa akimsaidia bure.

Aflatoksini, iliyotajwa katika utangulizi, husafiri kwa njia nyingine tena, na ni muhimu mwalimu asizichanganye njia hizi. Hii haijilimbikizi katika mafuta kama DDT. Hatari yake huingia katika kiungo kimoja, yaani pale nafaka inapovamiwa na kuvu shambani au ghalani, kisha humfikia binadamu moja kwa moja kupitia mlo, au kwa kiasi kidogo kupitia maziwa ya ng'ombe aliyelishwa mahindi mabovu. Katika mlipuko wa mwaka 2004 baadhi ya sampuli za mahindi zilikuwa na kiasi cha sumu kilichozidi mara 220 kiwango kilichoruhusiwa nchini wakati huo. Wala haukuwa mlipuko wa kwanza: mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, wagonjwa 12 kati ya 20 walioripotiwa walifariki.

Mchezo wa kuvu basi ni wa mashindano ya kupokezana. Makundi mawili hubeba "mahindi" kutoka "shambani" hadi "ghalani" kupitia "uwanja wa kuanikia". Mwanafunzi mmoja huwa mvua, naye hupiga makofi wakati wowote apendao. Mzigo utakaokutwa juu ya udongo mtupu, pasipo turubai wala kichanja, huguswa na wanafunzi walio kuvu, ambao viganja vyao vimepakwa masizi. Kundi linaloshinda si lile linalomaliza kwanza, bali lile lenye ghala safi. Watoto waliozoea kwamba mwenye mbio ndiye mshindi hutambua kwamba hapa haraka haraka haina baraka.

Baada ya mchezo, mambo matatu yafaa yasemwe wazi. Mahindi yanafaa kukaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa. Punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye kuvu zinafaa kuchambuliwa na kuondolewa, ingawa sumu yaweza kuwamo hata katika punje zinazoonekana safi. Na la tatu, ambalo ni zito kwa jamii inayokula isyo na muthokoi, ni kwamba kuchemsha hakuiondoi sumu hii, hata chungu kikae motoni saa nyingi. Yafaa watoto wajue pia kwamba kuvu si adui kila mahali. Udongoni ni mwozeshaji na ana kazi yake. Hata kinga mojawapo ya kisasa, inayotengenezwa na shirika la utafiti wa kilimo la KALRO huko Katumani, Machakos, hutumia kuvu isiyo na sumu ambayo hutawanywa shambani ili iitangulie ile yenye sumu na kuinyima nafasi.

Mishale na kauli ya kutendwa

Sehemu hii inawahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Kosa linalorudiwa sana na watoto katika mada hii ni la mwelekeo wa mshale. Katika mchoro wa mnyororo wa chakula, mshale hutoka kwa aliwaye na kuelekea kwa alaye, kwa sababu unaonyesha nishati inakokwenda. Watoto wengi huuchora kinyume. Sababu yake ni ya lugha zaidi kuliko ya sayansi. Sentensi iliyo rahisi zaidi akilini ni "mwewe anamla kware", ambayo humweka mlaji mwanzoni. Mtoto akiufuata mpangilio huo wa maneno, mshale wake utatoka kwa mwewe kwenda kwa kware.

Dawa ya kosa hili ni kauli ya kutendwa. Mshale wa mnyororo wa chakula husomeka "huliwa na". Nyasi huliwa na panzi, panzi huliwa na kware, kware huliwa na mwewe. Mpangilio wa maneno na mwelekeo wa nishati huwa kitu kimoja. Kwa hiyo katika michezo yote iliyoelezwa hapa, anayekamatwa ndiye atakiwaye kusema kwa sauti, "Naliwa na kware!" badala ya mkamataji kusema, "Nakula panzi!" Kikamba, kikiwa lugha ya Kibantu kama Kiswahili, nacho kina kauli ya kutendwa, na kwa hiyo mwalimu wa madarasa ya mwanzo anaweza kulianza zoezi hili katika lugha ya nyumbani.

Kitenzi "-la", licha ya kuwa na silabi moja, ni hazina kubwa ya istilahi. Hutupa mlaji, mlo, mlisho, malisho, ulaji, liwa, lisha na lishana. Mtoto akivijua vinyambuo hivi hahitaji kukariri istilahi nyingi, huzijenga mwenyewe. Nchini Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi tangu mwaka 1967, istilahi za sayansi zilikuzwa kwa juhudi nyingi, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Nchini Kenya hali ni tofauti. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, kisha Kiingereza kichukue nafasi. Mtoto wa Mwingi basi hukutana na kiumbe kile kile kwa majina matatu: la Kikamba nyumbani, la Kiswahili katika kipindi cha lugha na la Kiingereza katika kipindi cha sayansi. Mchezo wa uwanjani ni mahali ambapo majina hayo matatu yanaweza kukutana bila kugombana, kwa kuwa kinachotajwa kinaonekana, kinakimbia na kinacheka.

Masharti ya kufanikiwa

Mchezo peke yake haufundishi. Mtoto anaweza kukimbia asubuhi nzima akafurahi, asijifunze lolote ila kwamba fulani ana mbio. Kuna masharti yanayofaa kuzingatiwa.

Kwanza, kila zamu ifuatwe na mazungumzo mafupi. Ni nani aliyekosa chakula? Kwa nini? Tungebadilisha nini? Maswali haya ndiyo yanayougeuza mchezo kuwa somo. Pili, mchezo ufanywe mapema asubuhi, kabla jua halijakolea, na mwalimu atambue kwamba katika msimu wa ukame baadhi ya watoto wamekuja bila kifungua kinywa. Kumkimbiza mwenye njaa ili ajifunze habari za njaa si haki. Siku kama hiyo mchezo wa kamba unafaa zaidi. Tatu, mwanafunzi mwenye ulemavu wa viungo asifanywe mtazamaji. Jua na mvua ndio wenye mamlaka makubwa zaidi mchezoni, na majukumu hayo hayahitaji mbio.

Nne, mwalimu ajihadhari na lugha ya wema na ubaya. Mwewe si mwovu na panzi si mwema. Mtoto akitoka uwanjani akimchukia nyoka zaidi ya alivyomchukia alipoingia, somo limepotea. Heshima kwa nyoka na umbali wa kutosha kutoka kwake vinaweza kufundishwa pamoja na ukweli kwamba nyoka hula panya. Tano, ujifunzaji upimwe. Njia rahisi ni kuwaomba watoto wachore mnyororo mmoja kabla ya mchezo na mwingine juma moja baadaye, kisha michoro ilinganishwe: je, mishale imegeuka? Je, mwozeshaji ameingia? Je, binadamu yumo?

Masharti haya hayapingani na mfumo wa elimu uliopo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Kenya Januari 2019 kwa kuanzia na madarasa ya awali, unasisitiza kujifunza kwa kutenda. Aidha, vilabu vya wanyamapori vya wanafunzi, vilivyoanza nchini Kenya mwaka 1968, vimekuwa kwa miongo mingi mahali pa kujifunzia mazingira nje ya darasa. Kinachopungua ni maandishi: michezo iliyoelezwa kwa Kiswahili sahihi, yenye mifano ya mahali, ambayo mwalimu anaweza kuisoma jioni na kuitumia asubuhi.

Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba mnyororo wa chakula ni dhana ya mwendo, na kwamba watoto wa Kitui na Makueni wanaweza kuielewa kwa miguu na mikono yao kabla ya kuiandika daftarini. Imeonyesha kwamba michezo ya jadi ina mwindaji na windo tayari, na inahitaji tu kuongezewa mmea, mwozeshaji na hesabu ya kinachopotea. Imedokeza pia kwamba kauli ya kutendwa, inayofundishwa katika kila darasa la sarufi, inaweza kusahihisha kosa la kisayansi.

Wanafunzi wengi wa Kiswahili wa vyuo vikuu huishia kuwa walimu, na baadhi yao hupelekwa Kyuso, Ikutha, Makindu au Mtito Andei. Udongo uwahi ungali maji, wasema wahenga. Mtoto wa miaka kumi aliyewahi kuwa kuvu mchezoni, akayapaka masizi mahindi ya wenzake kwa sababu yaliachwa juu ya udongo mvua ikinyesha, atafika nyumbani siku ya mavuno na kuuliza turubai liko wapi. Katika nchi ambako watu 125 walikufa kwa mwaka mmoja kwa sababu ya mahindi ya nyumbani kwao, swali hilo la mtoto lina uzito kuliko alama yoyote ya mtihani.